Albamu Aliyoikataa Mwalimu

Kanda ninayo. Mjane wa Gaspard aliniletea mwishoni mwa mwaka 1994, ameifunga ndani ya kitambaa cha jikoni, akasema yeye hana redio ya kuipigia, na hata angekuwa nayo asingeipiga. Tangu hapo mimi huisikiliza mara moja kwa mwaka, pande zote mbili, bila kuruka wimbo. Sasa naweza kusema, bila hasira ya mtu mwingine kuniongoza, kwamba ni albamu nzuri. Bendi ile ya hevi metali, ambayo kwa miaka yote ilikuwa ikikimbia kama gari lililokatika breki, katika albamu hii iliamua kutembea. Nyimbo zilifupishwa. Ngoma zikapigwa polepole na kwa uzito. Mwimbaji, ambaye zamani alikuwa akibweka, aliimba hadi mtu asiyejua lugha yake akahisi anaambiwa jambo. Mwalimu aliichukia siku ya kwanza, na mimi nikaichukia pamoja naye kwa sababu nilikuwa na desturi ya kuchukia alichochukia.

Jina lake silitaji. Ana watoto, na jina ni lao pia. Rwezamenyo nzima, mtaa wetu wa Kigali, ilimwita Mwalimu, na hakuna aliyeuliza mwalimu yupi. Alifundisha umeme katika shule moja ya ufundi mjini, na alipanga nyumba iliyogusana ukuta na yetu. Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu ilikuwa barazani kwa mama, kwa hiyo kila alichosikiliza Mwalimu nilikisikiliza, nikitaka nisitake.

Alikuwa amesoma Ubelgiji miaka miwili, akarudi na sanduku la kanda, redio kaseti ya milango miwili, na dharau kubwa kwa muziki wa kucheza. Rumba, alisema, ni muziki wa mtu aliyeshiba. Siku ya kwanza alipofungulia zile gitaa zake, mama alinituma nikaulize kama upepo umeng'oa mabati ya jirani. Nilipomfikishia ujumbe huo hakucheka. Aliniuliza nyakati za sala zetu, akaziandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, akaibandika ukutani juu ya redio. Kuanzia siku hiyo, kwa muda wote aliokaa pale, adhana haikuwahi kukuta redio yake imewaka. Yeye alikuwa Mkatoliki asiyekwenda kanisani. Mama alimpenda kwa karatasi ile, akawa anampelekea sambusa, na mtaani tukaanza kuuita muziki wake mabati. Naye akalikubali jina hilo. Ukimkuta amekaa, alikuwa akikuambia: “Karibu, Fundi. Mabati iko inawaka.”

Kiswahili alikijifunza kwetu, akakisema anavyotaka yeye. Kila kitu kwake kilikuwa “iko”. Lakini mikono yake haikukosea. Alisafisha vichwa vya redio kwa pamba na spiriti kila Jumapili. Kanda alizirudisha mwanzo kwa kalamu ya Biki, akizungusha taratibu, ili mota isichoke. Hakumwazima mtu kanda ya asili, hata mkewe alipotaka kuipeleka kwa kaka yake. Nakala alikunakilia bure, ila kwanza ukae kitako uisikilize yote mbele yake, na ukipiga miayo hupati. Mashine yangu ilipokufa mota, aliifungua juu ya meza yake, akanieleza kila waya kana kwamba mimi ndiye mkaguzi wa shule, na alipomaliza akakataa hata shati.

Alikuwa na maneno yake. Lile alilolirudia zaidi ni hili: mtu akipunguza sauti, uliza nani amekaa chumba cha pili. Alilisema kuhusu wakubwa wa shule, kuhusu mapadri, kuhusu wanawe walipokuwa wananong'ona. Aliamini kwamba mtu mkweli hupiga kelele. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, na niliona hiyo ni hekima.

Na kuna mambo aliyoyatenda ambayo siwezi kuyafuta, ingawa kwa miaka kadhaa nilijaribu. Wakati ule kila mtu alivaa kifuani beji ya chama kimoja kilichokuwepo. Mwalimu alikuja kwangu na shati jeupe, akanionyesha tundu dogo la pini, akaniambia nilishone. Nikamuuliza itakuwaje wakiuliza beji iko wapi. Akasema atawaambia inatoboa shati, na fundi wake ni ghali. Aliwaambia hivyo hivyo, na walimnyima cheo shuleni kwa ajili hiyo.

Halafu Gaspard. Gaspard alikuwa fundi saa, ana kibanda chake mtaa jirani wa Nyakabanda, mtu mwembamba mwenye lile jicho la kioo la mafundi saa likining'inia shingoni hata akiwa msibani. Ndiye aliyekuwa wa tatu wetu. Jumapili mchana tulikutana kwa Mwalimu sisi watatu, tukanywa chai ya maziwa, tukasikiliza mabati. Kadi ya kitambulisho ya Gaspard ilisema Mtutsi. Waasi, wengi wao Watutsi, walipoanza vita kaskazini, Oktoba 1990, askari walimchukua kibandani pamoja na wengine wengi, wakawarundika uwanjani, kisha gerezani. Kosa lao lilikuwa limeandikwa kwenye kadi. Watu walioketi naye kila siku walianza kupita upande wa pili wa barabara wakikiona kibanda chake kimefungwa.

Mwalimu alivaa suti aliyorudi nayo kutoka Ulaya, akaenda kumsemea. Alirudishwa. Akaenda tena. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi la ofisi ile tangu asubuhi hadi wanafunga, akatia saini karatasi kwamba huyu mtu anamjua na yeye ndiye dhamana yake. Katika siku zile, kuweka jina lako chini ya jina la mtu kama huyo kulikuwa jambo la kukufikisha pabaya. Gaspard alitoka baada ya miezi mitano, amekonda, hasemi mengi. Nilikuwepo Mwalimu alipompokea mlangoni. Alimshika mabega yote mawili, akamwambia, “Chai iko tayari,” akaingia ndani upesi asionekane uso.

Albamu ilifika mwishoni mwa mwaka 1991. Rafiki yake wa Liège, Ubelgiji, alimletea kwa mkono wa mtu aliyekuja na ndege, kanda ya asili, bado ina plastiki. Mwalimu hakuigusa siku nne, akitungoja Jumapili. Alivaa shati safi. Alimfukuza mkewe na watoto waende kwa bibi yao. Alikata plastiki kwa wembe, polepole, akainusa kanda kama mkate.

Wimbo wa kwanza alisikiliza ameinamisha kichwa. Wa pili akakunja miguu. Wa tatu ulianza kwa gitaa moja tupu, laini, mtu anagusa nyuzi kama anayeogopa kuamsha mtoto, na Mwalimu akanyoosha mkono akaizima redio.

Akasema wamevaa tai. Akasema watu hawa walikuwa hawana bwana, sasa wamepata bwana, na sikilizeni wanavyosema polepole ili bwana aelewe. Alizungumza muda mrefu, na mimi nikawa naitikia. Nakumbuka nilisema hata mimi ningeweza kushona kwa mwendo ule wa ngoma, na Mwalimu akacheka, nami nikafurahi kwamba nimemchekesha.

Gaspard alikuwa amegeuza kiti ili upande wake wa kulia uelekee redio, jambo ambalo nililiona bila kulifikiria.

“Rudisha mwanzo, Mwalimu,” alisema. “Huo wa tatu. Mimi nimesikia kitu.”

“Umesikia nini? Hii haiko bendi. Hii iko orkesta ya harusi.”

“Rudisha tu.”

Mwalimu hakurudisha. Aliitoa kanda, akaitia kwenye kasha lake, akaiweka mapajani kwa Gaspard. Ile ya asili, yeye asiyewahi kumwazima mtu. “Chukua,” akasema. “Sitaki ilale kwangu. Wewe gereza imekufanya mpole, basi sikiliza muziki wa wapole.”

Gaspard aliitia mfukoni, akashukuru, akamaliza chai yake. Sikumtetea. Mimi nilidhani ni mzaha wa marafiki.

Miaka mitatu baadaye mke wa Gaspard ndiye aliyenieleza. Huko walikomweka, Gaspard alipigwa makofi ya kichwa hadi sikio la kushoto likafa, na la kulia likabaki na mlio usiokatika. Zile nyimbo za mbio alizokuwa akikaa nazo kila Jumapili baada ya kutoka gerezani zilikuwa kwake mvua juu ya bati tu, hakupata ndani yake hata noti moja. Alikuja kwa sababu Mwalimu alimtoa, na hakuona njia nyingine ya kumlipa isipokuwa kukaa naye. Albamu ile ilikuwa ya kwanza aliyoweza kuisikia. Kila kitu kilikuwa na nafasi yake, ngoma hapa, gitaa pale, na kati yao kimya. Mkewe alisema aliipiga kibandani kila siku akifungua saa za watu, na kwamba ndipo alipoanza tena kuzungumza bila kuulizwa.

Mimi na Mwalimu hatukujua, kwa sababu hatukuuliza.

Vyama vingi viliporuhusiwa, Mwalimu aliingia katika kimoja cha upinzani kwa moyo wote. Alihutubia vizuri. Alipiga kelele vizuri. Aliwaambia watu wa Nyamirambo, upande wetu wa mji, kwamba nchi si shamba la mtu, na wazee wa kwetu wakampigia makofi. Jumapili za mabati zilipungua, maana alikuwa na mikutano, lakini Gaspard alikwenda kumsikiliza mara mbili tatu, akisimama karibu na spika kwa upande wa kulia.

Nikijiuliza ni lini aligeuka, sipati siku moja. Mwaka 1993 ulipokaribia kwisha, rais wa Burundi aliuawa na askari Watutsi wa jeshi lake, wakimbizi wakamiminika, na chama cha Mwalimu kikapasuka vipande viwili. Yeye akaenda na kipande kilichopiga kelele zaidi. Redio kaseti yake, ambayo hapo zamani haikushika stesheni yoyote kwa kuwa alidai watangazaji wote ni waongo, ilianza kushika ile redio mpya iliyocheka na kutaja watu kwa majina. Nilimuuliza mara moja, kupitia ukutani kama tulivyozoea, mabati yamekwenda wapi. Akasema hao vijana wa redio wana kipaji, wanasema wazi kile ambacho wengine wananong'ona.

Alikuwa bado anaizima wakati wa adhana. Hilo liliniudhi kuliko mengine. Ningependa awe amekuwa mtu mwingine kabisa, mwenye sura nyingine, nimchukie kwa urahisi. Lakini alikuwa yuleyule, mkweli, nadhifu, anayemsalimu mama yangu kwa mikono miwili. Alikuwa akiingia mkutanoni kusema kwamba jirani ni nyoka, na akirudi analeta papai kwa jirani.

Gaspard hakuja tena. Walikutana sokoni, Mwalimu akampita kama nguzo. Gaspard alinisimulia hilo bila uchungu. Alisema huenda hakumwona, na mimi nikasema huenda.

Ramadhani ya mwaka 1994 iliangukia Februari na Machi. Fundi yeyote wa Rwezamenyo atakuambia maana yake: kanzu, magauni ya watoto, suruali za Idi, hulali. Katika kumi la mwisho Mwalimu alikuja barazani mchana akiwa na kitambaa cha kitenge mkononi, kile cha rangi za vijana wa chama chake, wale waliogeuzwa wanamgambo. Hakuwa kijana tena, lakini walikuwa wamempa kuwasimamia. Alitaka shati pana lenye mifuko miwili na la kumruhusu kunyanyua mikono.

Nilijua kile kitambaa ni cha nini. Mtaa mzima ulijua. Nilichukua utepe nikampima. Fundi aliyemkatalia mteja siku zile alijulikana kesho yake, na mimi nilikuwa na mama. Huo ndio utetezi wangu, na sijawahi kukutana na mtu wa wakati ule asiyekuwa na mama.

Nilikuwa nyuma yake, nimeweka utepe mabegani, aliposema bila kugeuza kichwa:

“Unamuona Gaspard?”

Nikasema namuona, huwa anakuja Idi kula pilau.

“Mwambie aondoke. Achukue mke na mtoto, avuke aende Tanzania, aende popote. Asingoje Pasaka ipite.”

“Kuna nini, Mwalimu?”

“Mwambie nimesema mimi. Mwambie kama nilivyokuambia, usipunguze.”

Nilimaliza kupima mikono. Niliandika vipimo. Alisema atapitia shati Ijumaa, na akapitia Ijumaa, akalivaa palepale, akanyanyua mikono, akasema nimefanya kazi nzuri. Hakurudia habari ya Gaspard. Mimi pia sikuirudia.

Nimeyageuza maneno yale mara nyingi kuliko kanda. Alijua. Mtu aliyejua kiasi kile angeweza kwenda mwenyewe hadi Nyakabanda, mwendo wa robo saa, akamwambia rafiki yake uso kwa uso. Angeweza kumficha. Nyumba yake ilikuwa na dari. Angeweza kuvaa ile suti ya Ulaya akakaa tena kwenye benchi la mtu fulani. Badala yake alimpa ujumbe fundi wake, akiwa anapimwa shati.

Lakini alinipa mimi, na nililopewa nililifanya hivi.

Siku ya Idi, Gaspard alikuja na mkewe na binti yao. Binti alikuwa amevaa gauni nililomshonea, na mama alikuwa akimzungusha mbele ya wageni. Gaspard alikuwa na furaha, amepata kazi ya kutengeneza saa kubwa ya ukutani ya shirika fulani, akawa anaonyesha kwa mikono jinsi pendulo lilivyokuwa limepinda. Nikasema moyoni nitamwambia akimaliza kula. Alipomaliza, nikaona kwamba nikimwambia maneno ya Mwalimu atauliza ameyasema wapi, na nitalazimika kujibu kwamba ameyasema barazani kwangu, nikimpima lile shati.

Nikamwambia, “Mwalimu anakusalimu. Anasema Kigali haina raha siku hizi, afadhali ungekwenda matembezi kidogo.”

Gaspard akageuza sikio la kulia, nikarudia hivyo hivyo. Akacheka. Alifurahi kwamba Mwalimu amemsalimu. Alisema nimwambie naye anamsalimu, na akipata nafasi atapita. Nikamwonyesha sahani ya nyama, nikamwambia aongeze, na mazungumzo yakabadilika.

Ndege ya rais wetu ilipoangushwa, mwezi wa nne, Watutsi walianza kuuawa mitaani na majumbani, kwa orodha na kwa kadi, na majirani walikuwa miongoni mwa wauaji. Gaspard aliuawa siku ya pili mbele ya kibanda chake, alikokwenda kuchukua saa za watu ili zisiibiwe. Binti yao aliuawa siku hiyohiyo kwa shangazi yake, katika lile gauni la Idi. Mkewe alitufikia akitambaa nyuma ya nyumba, na mama akampandisha darini juu ya chumba changu kabla hajamaliza kusema. Ukuta tuliochangia na Mwalimu ulikuwa hatua mbili kutoka pale alipolala.

Siku kama ya kumi hivi chakula kilikwisha. Nilitoka mchana kutafuta unga. Pale barabara inaposhuka kuelekea Nyakabanda walikuwa wameweka kizuizi, magogo na kabati la mtu. Vijana walikuwa na mapanga. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye dawati la shule, amevaa lile shati, anasoma kadi zinazoletwa, moja moja, kwa utulivu aliokuwa nao akisahihisha madaftari. Nilikuwa nikijua kila mshono ulio mgongoni mwake.

Nilimpa kadi yangu. Aliisoma yote, mbele na nyuma, mtu aliyenijua miaka sita. Halafu akaniinulia macho.

“Fundi,” alisema kwa sauti ndogo. “Ulimwambia?”

Nilifikiria dari. Nilifikiria jinsi nilivyokuwa nikimwonyesha Gaspard sahani ya nyama ili abadilishe mazungumzo.

“Nilimwambia,” nikasema.

“Kama nilivyosema?”

“Kama ulivyosema.”

Alipumua. Nilimwona akipumua, mabega yakashuka ndani ya kitambaa, na nikajua kwamba nimempa kitu alichokuwa akikihitaji, na kwamba mimi pia nimejipa.

“Basi,” akasema. “Mimi nilifanya yangu.”

Akanirudishia kadi kwa mikono miwili, akaniambia nimsalimie mama. Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja mwenye kikapu. Mwalimu akanyoosha mkono, akamwomba kadi.